Kinga Tuliyoichomelea Koboko

Ndugu zangu wa Bombo, tangu nirudi mmekuwa mkinijia mmoja mmoja, kila mtu na swali lake, nami kila mtu nimempa kipande tu cha habari. Yusufu, ambaye anataka kununua pikapu ya kubebea mbao, aliniuliza jambo moja: aweke kinga gani chini ya injini, ya chuma au ya alumini? Nilimwambia asubiri. Jibu la swali lake limo ndani ya safari, na siwezi kulichomoa peke yake. Basi nimeandika, someni wote. Habari za tiketi na basi la kwenda Arua naziruka. Basi mnalijua.

Sababu ya kwenda pia mnaijua, lakini niiweke hapa kwa ajili ya wale waliosikia nusu. Kaka yangu Sebi alikuwa na shamba ng'ambo ya Kuluba, upande wa Koboko, mbali na barabara. Mkewe, Poni, alinipigia simu akasema shoka limeteleza likamwingia Sebi chini ya goti, na mguu sasa umevimba na kubadilika rangi. Bodaboda walijaribu kumtoa. Mguu haukukunjika, kukaa hakuweza, akazimia na kuanguka kabla hawajafika popote. Mhudumu wa zahanati alikwenda kumwona akasema mguu ule ukatwe hospitalini upesi, mgonjwa akiwa bado na nguvu, la sivyo sumu itapanda mwilini.

"Shemeji," Poni aliniambia, "usilete dawa. Leta gari."

Arua hadi Ajia

Nilizaliwa Arua, nikasoma hapo mpaka sekondari, kisha miguu ikanipeleka Juba, Bunia, Kisumu, na mwisho kwenu. Kila nikirudi natafuta kitu kilichobaki mahali pake. Safari hii nilikuta mtaa wetu wa Wanubi umebanwa na maduka ya ghorofa, lakini Hajati Zaituni alikuwa bado anauza chai na gurusa, ule mkate wetu mwembamba, barazani pake. Nilikusudia kunywa kikombe kimoja nikiwa nimesimama.

"Wewe ni mtoto ya nani?" akauliza, akinitazama kwa jicho moja.

Nikamtaja baba.

"Yule askari! Sasa wewe ndiyo ule mtoto ya kutoroka au ule mtoto ya kulima?"

"Wa kutoroka, Hajati. Wa kulima ni mgonjwa. Nakwenda kumchukua."

"Basi kaa. Mutu hapana chukua mgonjwa na tumbo tupu, mtaanguka wawili."

Akakaanga mayai. Akatuma maharage kwa jirani. Kumkatalia mama wa rika lile mbele ya baraza lake ni kama kumtemea mate, kwa hiyo nilikaa nikala, huku nikihesabu jua likipanda ukutani. Alipoona nimemaliza alifunga gurusa nyingine kwenye karatasi akasema hii ni ya Sebi, alikuwa anazipenda akiwa mdogo.

Gari nililolifikiria lilikuwa la Adriko. Tulikaa dawati moja shuleni. Sasa analima Ajia na ana pikapu ya dizeli anayobebea mihogo. Nilipofika kwake kwa bodaboda alikuwa amekaa na watu wa nyumbani wakila enya, ugali wetu wa muhogo na mtama, na majani ya kunde. Alinisogezea bakuli la maji ninawe kabla hata sijasalimia. Nilieleza. Watu wote waliacha kula.

"Kasimu," alisema Adriko, "mimi nakupenda. Sebi nampenda. Lakini ile njia mimi najua. Nilienda huko kuchukua mihogo, jiwe likapasua sampu."

Sampu ni lile bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini. Likipasuka, oili yote inamwagika, na injini isiyo na oili inakufa.

"Nilitoka huko navutwa na ng'ombe," akaendelea. "Ng'ombe, Kasimu! Watoto wanapiga makofi. Sasa naingia tena bila kinga? Tutakuwa wagonjwa wawili, Sebi na gari."

"Tukiweka kinga?"

"Tukiweka kinga, tunaenda hata sasa hivi."

Alinawa mikono, akainuka, chakula chake kikabaki nusu. Siwezi kumsema vibaya Adriko mahali popote katika habari hii.

Ajia hadi Koboko

Tulipanga kuweka kinga Arua. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Wachomeleaji walikuwa wamelala chini ya meza zao, na wale wachache wenye jenereta walikuwa na mageti na madirisha ya watu yamepangwa mpaka barabarani. Tulizunguka kutoka karakana moja hadi nyingine, mchana ukaenda. Mwisho Adriko alisema twende Koboko. Mji ule uko karibu na mipaka miwili, vyuma vya nchi tatu hukutana pale, na mafundi wake hawangojei umeme wa serikali.

Barabara ya Koboko siku hizi ni lami. Nilikumbuka vumbi lake jekundu la zamani, jinsi tulivyokuwa tukishuka pale na nyusi nyekundu kama wazee waliopaka hina, na kwa muda nikasahau ninakokwenda. Adriko hakusahau. Alikuwa na tabia moja ambayo lazima mwijue. Taa ya kuonya kwamba oili imepungua ilikufa zamani katika pikapu yake, kwa hiyo kila tuliposimama alisogeza gari hatua chache, akashuka, akapiga magoti na kutazama mahali lilipokuwa limesimama.

"Gari ikiumwa inatema chini," aliniambia. "Madereva wote huku tunasoma ardhi. Ukiona tone, unajua mapema."

Akainuka, akajipangusa magoti. "Iko kavu."

Alifanya hivyo tuliponunua maji, tuliposimamishwa na ng'ombe, tulipochukua mama mmoja mwenye kuku. Kila mara: iko kavu. Nami nikazoea kulisikia neno lile kama amina.

Koboko, uwanjani kwa Duku

Yusufu, hapa ndipo mahali pako.

Fundi Duku ni Mkakwa mnene, mcheshi, na uwanja wake umejaa mizoga ya magari. Alilala chini ya pikapu akapima kwa kiganja, akatoka akatuonyesha vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa bamba la alumini lililotoka kwenye gari la shirika fulani. Jepesi, limekatwa vizuri kiwandani, lina matundu ya kupitishia hewa na tundu kubwa la kumwagia oili, linafungwa kwa nati nne. Lakini lilikuwa jembamba, na tayari lilikuwa na bonde katikati. Adriko alilibonyeza kwa goti likalia.

"Hii ni ya kuendea kanisani," alisema.

Cha pili kilikuwa mabomba matatu ya kuchomelea sambamba kama chaga za kitanda. Yanazuia jiwe kubwa, lakini njia ya kwa Sebi ina mawe membamba yaliyosimama wima, nayo yangepita katikati.

Cha tatu kilikuwa kipande cha chuma kutoka ubavuni mwa tipa. Duku alikipiga nyundo. Kikaitika kama kengele ya shule. Kizito, hakipindi, lakini hakina tundu hata moja.

"Hiki," alisema Adriko.

"Tukifunge kwa nati," nilisema, "ili kiweze kutolewa."

Uwanja mzima ulicheka. Duku alinishika bega. "Muzee, wewe umetoka wapi? Koboko hii, kitu ya kufunga na nati si yako. Ni ya mutu mwenye spana."

Na ni kweli, ukitazama magari ya pale utaona. Betri zimefungiwa ndani ya vizimba vya chuma. Taa zimechomelewa vyandarua vya nondo. Wanunuzi wa chuma chakavu wapo kila kona, na kinachoning'inia nje ya gari huhama. Adriko mwenyewe alikuwa na kinga zamani, ya kufunga kwa nati. Aliingia mkahawani kula maharage, akatoka akakuta imekwenda.

"Chomelea," alisema. "Kote. Pande zote."

Niliuliza oili itamwagwaje siku ya kubadilisha. Duku alisema angeweza kukata dirisha dogo, lakini kwa kukata anahitaji gesi, na gesi imekwisha, ingekuja kesho. "Lakini oili utabadilisha lini? Leo? Leo wewe unachukua mgonjwa. Mkirudi na mgonjwa, mnapita hapa, nakata dirisha nzuri, naweka na kufuli."

Mama aliyekuwa akiuza chai getini, aliyesikiliza yote hayo akiwa ameegemea birika lake, alisema kwa sauti, "Nyinyi mnavalisha gari suruali ya chuma. Itakojoa wapi?"

Tulicheka sana. Hata mimi nilicheka. Duku alimwambia, "Mama, gari ya mwanamume inajizuia."

Wakati huo Poni akapiga simu. Alisema Sebi alikuwa anazungumza na baba yetu, anamwambia asimame vizuri kwenye gwaride. Baba yetu amekufa siku nyingi. Nilimwangalia Adriko, Adriko akamwangalia Duku, na habari ya dirisha ikaishia hapo. Hakuna aliyedanganya mwingine, wala hakuna aliyekuwa mpumbavu. Kila mtu alisema jambo la akili kwa saa ile. Jenereta likawashwa, cheche zikaruka, bamba likakazwa huku na huku mpaka likawa kama limezaliwa na gari. Duku alikagua kila mshono kwa nyundo. Kisha Adriko akapima oili kwa kijiti, ikawa imejaa, tukaondoka.

Kuluba na kupita

Baada ya Koboko lami inaisha, na baada ya Kuluba barabara yenyewe inakuwa njia, kisha inakuwa mtaro wa maji ya mvua unaopita katikati ya mashamba ya muhogo. Mawe yakaanza. La kwanza lilipogonga bamba Adriko alifumba macho. Gari likapanda, likaburura, likatua upande wa pili. Tukatazamana. La pili likagonga, la tatu, sauti ikawa kama mtu anapiga pipa kutoka chini ya miguu yetu, nasi tukaanza kucheka kama vijana.

"Duku!" alipiga kelele Adriko kila tulipogonga. "Duku, mtoto ya mama yako!"

Mahali fulani gurudumu lilizama matopeni. Watu walitoka mashambani wakikimbia, nikafikiri wamekuja kusukuma. Kumbe kila mmoja alikuwa na gunia kichwani. Waliona pikapu wakadhani mnunuzi wa mihogo amefika, wakapanga magunia yao mstari mbele yetu, wakaanza kugombana nani alitangulia. Tulipoeleza kwamba tunafuata mgonjwa, mzee mmoja alisema, "Sawa, mgonjwa atapanda juu ya gunia. Ni laini." Ilichukua muda kumshawishi. Walisukuma hata hivyo, wakiguna, na mama mmoja akatupa mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba tule njiani.

Adriko alisogeza gari pakavu, akashuka, akapiga magoti mahali lilipokuwa. Nilikwenda naye. Udongo ulikuwa safi kama ubao wa shule asubuhi.

"Iko kavu kabisa. Mawe yote yale! Unaona kazi ya fundi?"

Kwa Sebi

Harufu ilitupokea kabla ya Poni. Sitaieleza. Sebi alikuwa amelazwa kitandani chini ya paa la jikoni, mahali penye hewa, na Poni alikuwa amekaa kichwani pake akimfukuzia nzi kwa tawi. Mtu yule aliyenibeba mabegani kuvuka mto tulipokuwa watoto alikuwa amebaki macho na mifupa, na mguu mmoja ambao haukufanana na mtu.

Lakini akili ilikuwa imerudi. Alinitazama muda mrefu.

"Umekuja na gari," alisema, "au umekuja na maneno?"

"Gari, kaka."

"Yako?"

"Ya Adriko."

"Nilijua. Wewe huna hata baiskeli." Akacheka kidogo, akakunja uso kwa maumivu. "Nisikilizeni. Wakikata, wakate. Nimekubali. Mtu anaweza kupalilia akiwa amekaa. Lakini nataka kufika huko. Sitaki kufia kwenye majani."

Mvua iliteremka palepale, mvua ya Koboko isiyobisha hodi, na njia ikawa mto. Hatukuweza kuondoka. Poni alitupikia angara, vile visamaki vikavu, kwa simsim iliyosagwa, na Sebi nilimmegea gurusa ya Hajati, nikailoweka kwenye chai. Alitafuna vipande viwili vitatu, akasema ni ya Zaituni, imezidi chumvi kama zamani.

Kulipopambazuka tulimbeba na godoro lake tukamlaza nyuma ya pikapu chini ya turubai. Poni alipanda akakaa naye. Adriko alisogeza gari mbele kidogo, akashuka, akapiga magoti. Palikuwa na maji ya mvua yametuama mahali lilipolala, na juu ya maji yale hapakuwa hata na ule upinde wa rangi ambao tone moja la oili huufanya.

"Iko kavu," alisema.

Boneti hakuifungua. Miaka yote alikuwa amesoma ardhi, na ardhi haikuwahi kumdanganya.

Kurudi

Tulikwenda polepole kwa ajili ya Sebi. Kila jiwe lilipogonga bamba nilimsikia akitoa pumzi kwa meno. Hatukucheka tena. Tulikuwa tumevuka sehemu mbaya zaidi, tukipanda mlima mdogo wenye majani marefu, injini ilipoanza kugonga kwa ndani, kama mtu aliyefungiwa anayebisha mlango. Adriko alizima mara moja. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili.

Kilikuwa kikavu. Hakikuwa hata na unyevu.

Alilala chini kutazama. Ardhi ilikuwa safi. Akainuka, akakitazama kijiti, akalala tena. Nilimwona mtu mzima akiangalia huku na huku kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Imeenda wapi?" aliniuliza. "Kasimu, oili imeenda wapi?"

Tulikuwa na dumu la akiba. Akamimina yote. Tukategea sikio, tukaisikia ikishuka ndani ya injini, ikashuka zaidi, na baada ya kitambo kidogo kwenye kingo za bamba la Duku ukafurika uji mweusi wa oili, matope na majani. Nati ya kumwagia oili ilikuwa imelegea. Labda ni joto la kuchomelea, labda ni mitetemo ya mawe yale yote, sijui na sitajua. Oili ilikuwa imevuja tone kwa tone tangu jana, na bamba lile lisilo na tundu lilikuwa limeipokea yote na kuitunza. Gari lilikuwa limeumwa safari nzima, na hapakuwa na mahali pa kutema.

Kazi ya kukaza nati ni ya dakika. Adriko aliingiza mkono kutoka juu, kando ya injini, ngozi ikatoka, akaigusa kwa ncha ya kidole. Aliizungusha kidogo ikamteleza, spana haikupita. Tulipiga bamba kwa mpini wa jeki, kwa jiwe, kwa shoka la Sebi alilolipakia Poni. Mishono haikutetereka. Duku alikuwa fundi kweli. Mwisho Adriko aliwasha injini hivyo hivyo, kwa kukata tamaa, ajaribu kufika hata mlimani juu. Ilizunguka mara chache, ikalia kilio kimoja kirefu, ikanoki, ikafa. Akabaki ameshika usukani.

Basi, Yusufu: weka chuma, usiogope uzito. Lakini acha dirisha chini ya nati ya oili, na matundu ya kutosha uweze kuona gari linakwambia nini. Na kama unaogopa wezi, ogopa, lakini bado kifunge kwa nati. Heri uibiwe.

Chini ya turubai Sebi aliuliza, "Tumefika?"

"Bado, kaka. Gari linapumzika."

"Hata mimi," alisema.

Simu hazikushika mtandao pale. Poni hakulia wala hakulaumu mtu. Alifunga kitenge kiunoni akakimbia kwenda nyumba za jirani, na jua lilipokuwa limepanda akarudi na wanaume, wengine wakiwa wameshika majembe bado, na kitanda cha kamba begani.

Kwa miguu hadi barabarani

Aliyewaongoza aliitwa Wani, mtu mrefu wa rika langu. Aliinua turubai, akamwekea Sebi kiganja kifuani, akangoja.

"Iko hai," alisema. "Tunabeba. Lakini nyinyi wageni mjue: mgonjwa tunamkimbiza. Mutu akikufa njiani, tunaweka chini hapo hapo, tunaita wazee wa hiyo ardhi. Kila ukoo iko na mpaka yake. Hata mkilia namna gani."

Adriko alibaki na gari. Mtu haachi gari kule. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Sisi tukaondoka, wabebaji wanne, wengine wakingoja zamu, Poni nyuma, mimi ubavuni nimemshika Sebi mkono.

Walikwenda mbio fupi fupi, wakitaniana wasichoke.

"Muzee Sebi!" Wani alisema. "Ulikula nini, mawe?"

"Alikula kuku yangu, huyu," alisema mbebaji wa nyuma. "Mwaka jana. Nilijua tu."

Sebi alifungua midomo. "Ilikuwa... ngumu," alisema.

Walicheka wote, kitanda kikatikisika. "Kumbe anasikia! Twende, twende, mwizi ya kuku iko na haraka!"

Tulifika kwenye kijito ambacho jana tulikivuka bila kukijali. Mvua ilikuwa imekijaza. Wakainua kitanda hadi mabegani, wakaingia, maji kifuani, katikati mmoja akateleza, upande mmoja ukainama na maji yakapita juu ya Sebi. Wakamwinua. Tukapanda ukingo wa pili, wakaendelea kukimbia.

Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu. Nilijua kwa mkono kwanza. Mtu mgonjwa hata akilala anakushika kidogo, huu haukushika. Kisha nikamtazama. Matone ya maji yalikuwa yamekaa kwenye macho yake, na macho yalikuwa wazi.

Sikusema.

Nilifikiri: nikisema, watamweka chini hapa, kwenye majani, penye jua. Wazee wataitwa kutoka mlima huu na mlima ule. Yeye ni Mwislamu, anatakiwa aoshwe na watu wake, aswaliwe, azikwe leo. Aliomba jambo moja tu, asife kwenye majani, na hilo limeshampita. Angalau asilale kwenye majani. Basi nikaendelea kukimbia ubavuni, nimeshika mkono, nikamfumba macho kana kwamba namfuta maji. Poni alikuwa nyuma. Sikuthubutu kugeuka.

"Muzee Sebi, kuku ya nani utaiba Koboko?" aliuliza mbebaji wa nyuma.

Nikamwinamia Sebi kana kwamba namsikiliza.

"Anasema," nikajibu, na sauti yangu sikuijua, "ataiba ya daktari."

Walicheka. Wakabadilishana zamu bila kuweka kitanda chini. Tulipita nyumba za watu. Mama mmoja alitoka na kata ya maji ampe mgonjwa, Wani akamwambia ameshakunywa, mama, ameshakunywa, akapita. Kila walipomuuliza Sebi neno nilimjibia. Anasema mnakwenda kama wanawake wenye mitungi. Anasema kitanda kina kunguni. Nilimjibia kwa utani wake mwenyewe, ule ule wa miaka yote, na njia haikuisha.

Mwisho tukaona vumbi, kisha barabara, kisha lori dogo la mkaa lililosimama, dereva wake akikaza kamba. Wani alizungumza naye. Walimpakia Sebi na kitanda chote, mtu wa mkaa akasogeza magunia yake. Wabebaji wakasimama pembeni wakipumua, wamelowa, na hakuna aliyenyoosha mkono kuomba kitu.

Nilikwenda kwa Wani. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumwambia ukweli, nikashindwa nianze na lipi.

"Ndugu yangu," nilisema, "nimewakosea. Kaka yangu..."

"Tunajua," alisema Wani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kutoka kwa mto. Maji ilipita kwa macho yake, hakufumba. Wote tuliona." Alijifuta uso kwa mkono wake. "Lakini sisi hapana sema. Mwenye kusema mutu amekufa ni ndugu yake. Kama ndugu hajasema, basi ni mgonjwa, na mgonjwa tunambeba."

Nilimtazama mbebaji wa nyuma, yule wa kuku. Alikuwa amegeuka upande, anatazama mashamba.

"Sasa hii ni barabara ya serikali," alisema Wani kwa upole. "Haina ukoo. Hapa unaweza kusema."

Nyuma ya lori Poni alikuwa amekaa kwenye kona, pembe ya kitenge ameijaza mdomoni, ananitazama. Naye alikuwa anangoja.

Basi nikasema.